Ya Mwisho ni ya Mkubwa

Katika gereji yetu kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyeiandika popote, na kila mtu aliifuata. Gari likiisha kutengenezwa, kabla mwenyewe hajapewa ufunguo, fundi aliyefanya kazi huacha kila kitu na kumwita mkubwa kuliko wote. Mkubwa huja bila haraka, hufuta mikono, hushika kle, ile spana ya magurudumu, na kuvuta ekru za magurudumu moja moja kwa mara ya mwisho. Akimaliza husema neno moja tu: "Imekubali." Hapo ndipo gari linahesabiwa limepona. Ekru ni zile nati zinazoshika gurudumu kwenye buloni, yaani bolti zake. Nazitaja mapema kwa sababu habari hii yote ni yao na ya mkono wangu wa kuume.

Miaka ile mkubwa nilikuwa mimi. Walionitangulia walikwenda zao, wengine Kolwezi kwenye migodi, wengine makaburini, na siku moja niligeuka nyuma kumtafuta wa kumwita nikakuta macho yote yananiangalia. Sikukataa. Mimi ni mtu wa kiburi, na anayesema wazee hawana kiburi hajakaa nao.

Nisameheni na Kiswahili changu. Nilipokaa kuandika nilikivalisha suti, kile tulichofundishwa shuleni na mapadri. Lakini watu ninaowataja walisema cha kwetu, cha Lubumbashi, nami nitawaacha waseme hivyo hivyo. Siwezi kumtia mama wa Pweto, mtakayemkuta mbele, maneno ya padri mdomoni.

Kazi hii nilifundishwa na baba. Alitoka kaskazini akiwa kijana, akaja kutumika kwenye reli, na alipokufa hakuwa na kitu cha kuniachia isipokuwa kusikia kwa mkono. Hakunifundisha kwa maneno. Alinifunga macho kwa kitambaa cha kichwa cha mama, akanipa kle, akasema, "Vuta mpaka ikuambie." Nikavuta mpaka nikaikata buloni. Akanizaba kofi, akanipa nyingine. Nilikata tatu siku ile, nikala makofi matatu, na ya nne ikaniambia.

Inavyosema ni hivi. Kwanza ekru inakimbia tu, haina neno. Halafu inagusa na kukaa. Halafu inaanza kukukatalia, na kukataa kwake kunapanda polepole, kwa sababu ile buloni inajinyoosha ndani, kidogo kuliko unywele. Kuna pahali pamoja ambapo kukataa huko kunatosha, pale unaacha. Ukipita pale inakuwa laini ghafla, kama mtu aliyechoka kubishana, na ulaini ule ndio kifo chake. Mjinga huufurahia, anadhani ameshinda. Kumbe chuma kimevutika na hakitarudi, na barabarani kitakatika wakati kinapotaka chenyewe.

Ndiyo maana ile ya mwisho haikuwa kuvuta hasa. Ilikuwa kuuliza. Unaweka mkono, unasikiliza, unaacha. Ulimwengu mzima hakuna kazi nyepesi kama hiyo kwa mwenye mkono unaosikia.

Nyumbani kwangu Katuba nilikuwa peke yangu. Mke wangu alikuwa amekwisha kufa, watoto wawili wameondoka, mmoja yuko Ndola ng'ambo ya mpaka na mwingine Kinshasa. Walinipigia Jumapili, baada ya misa. "Papa, uko muzima?" "Niko." "Unakula?" "Nakula." Kisha tulibaki tunasikilizana pumzi mpaka mtandao unatuonea huruma na kukatika. Siwalaumu. Mtu mwenye maisha hawezi kuyasimamisha kila siku amuulize baba yake kama amekula.

Na kula kwenyewe kulikuwa mashaka, kwa sababu hakuna anayejua kusonga bukari, ugali wetu, ya mtu mmoja. Unga ukiwa kidogo unazunguka na mwiko sufuriani na haushikani. Mke wangu alisonga ya watu wanne maisha yake yote, nami nilimwangalia, basi nilisonga ya watu wanne. Nilikula ya mmoja, ya watatu nikampa mbwa wa jirani. Mbwa yule alinenepa kuliko mimi. Siku nyingine nilikuwa nasema naye, na nilijua kabisa kwamba nasema na mbwa.

Ilikuwa wakati wa kusonga ndipo nilipojua habari ya mkono. Nilikuwa nimeshika sufuria kwa mkono wa kuume, wa kushoto uko kwenye mwiko, mbabula, jiko letu la makaa, imewaka vizuri. Nikasikia harufu ya nyama. Nikashangaa, maana sikuwa na nyama ndani wiki nzima. Nikaangalia chini, nikaona vidole vyangu vimelala kwenye sufuria yenyewe, bila kitambaa. Kitambaa kilikuwa kimeanguka chini, sikujua saa ngapi. Sikusikia maumivu hata kidogo. Ningesikia maumivu ningefurahi.

Zahanati waliniambia ni sukari, imekula mishipa ya vidole kwa miaka bila kupiga kelele. Walinipa vidonge, wakanikataza chai tamu. Nikauliza kama mkono utarudi. Daktari akasema tutaona, na mimi si mtoto, najua daktari akisema tutaona amekwisha kuona.

Sikumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, methali hiyo naijua, nimewasomea wengine mara nyingi. Lakini sikilizeni. Kwenye gereji hawakuniita kwa uzuri wa sura yangu, wala kwa utamu wa ulimi. Ulimi wangu ni mkali na sura ndiyo hii. Waliniita kwa ajili ya mkono. Kila siku mara tano, mara sita, mtu alisimama kwenye mlango wa kibanda changu na kusema, "Papa, kuya, ya mwisho ni ya kwako." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu yote ya siku. Nikisema mkono umekufa, nani angekuja mlangoni? Ningebaki na yule mbwa.

Basi niliendelea. Kwa kuwa vidole havikuuliza tena, nilivuta mpaka bega lisikie. Bega lilikuwa bado zima. Ubaya ni kwamba bega ni kiziwi. Mpaka lisikie, umekwisha kupita mbali.

Mwaka uleule patron, mwenye gereji, alituletea fundi mpya, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, aliyesoma ufundi shule ya juu. Alizaliwa hapa hapa mjini, lakini babu zake walitoka Kasai, na sisi tuna midomo juu ya watu wa kule. Nilimpa jina la Injenieri siku ya kwanza, kwa kumcheka, na jina likamkaa, akalipenda. Alikuja na kisanduku chekundu ambacho hakukiacha hata akienda kunywa maji. Ndani yake mlikuwa na kle dinamometriki, ile unayoipangia nguvu kwenye mpini kabla ya kuanza. Unavuta, nguvu ikifika pale ulipopanga, inalia tak, maana yake basi, acha.

Nikamwambia mbele ya wote, "Ninyi bantu ya Kasai, hata ekru munasomea?"

Akacheka kabla ya wengine. "Papa, na sisi tuko na mikono. Kintu moja tu, hatuiamini."

Nikampenda kwa jibu lile, ingawa sikumwambia. Nilimwita yeye na kle yake mama na mtoto, nikasema mtoto yule analia kila akishikwa, apelekwe kwa nyanya yake. Watu walicheka mwezi mzima. Yeye alifanya kazi yake. Gurudumu lenye ekru sita alilizunguka kwa kuruka, ya juu, ya chini, ya pembeni, tak, tak, tak, na kila tak ilinichoma. Mashine haina sukari.

Sasa hapa ndipo kosa letu lilipoingia, na ni kosa ambalo naamini hakuna gereji nyingine duniani ingelifanya. Mashine ilikuja, lakini desturi haikuondoka. Injenieri alikuwa mtoto wa watu, amelelewa. Akimaliza kukaza na kle yake, kila ekru imelia tak, aliirudisha ndani ya kisanduku, akaja mlangoni kwangu akasema kama wengine, "Papa, ya mwisho ni ya kwako." Nami nilikwenda. Nilichukua kle yangu ya zamani, ile yenye mkono mrefu, nikaongeza ya mkubwa juu ya tak. Zamani ningeuliza tu na kuacha. Sasa nilivuta mpaka bega lijue. Ekru iliyokuwa imetosha niliizungusha tena, mbele ya macho yake, nikasema, "Imekubali."

Yeye alikifunga kisanduku chake. Nilidhani haoni.

Kulikuwa na mama mmoja mfanya biashara ya samaki wakavu. Alikuwa mjane wa kwao Pweto, kule ziwani, amekaa Lubumbashi miaka mingi, na kila baada ya wiki mbili tatu alipanda kwenda ziwani na gari lake dogo la mizigo, akarudi limejaa. Aliliendesha mwenyewe. Alisema madereva walimmalizia samaki, na mmoja alitaka kummalizia na yeye mwenyewe. Kila safari ilipokaribia alilileta gari kwetu, na Golf kote, ule mtaa wa matajiri, pamoja na kuta zake ndefu na majeep ya wakubwa yanayotujia kutoka kule, hakukuwa na mteja niliyemngoja kama yeye. Siku yake nilivaa shati safi chini ya ovaroli. Kucheka mnaweza kucheka.

Alikaa kwenye benchi yangu wakati gari likitengenezwa. Alinifungulia samaki kwenye karatasi, tukala pamoja, akanisimulia bei, na upepo wa ziwani, na mapadri wa utoto wake. Sikumbuki kama nilimjibu vya maana hata mara moja. Lakini niliporudi nyumbani siku hizo sikusema na mbwa. Yeye alikuwa na neno lake ambalo alilirudia kila mara, sauti kubwa, gereji nzima isikie: "Mimi sipande hii gari kama mukono ya Papa haiyapita pale." Nilijifanya sijasikia. Nilikuwa nasikia vizuri sana.

Asubuhi ninayoitaka kuisimulia, alikuja mapema na mama wenzake wawili waliokuwa wanakwenda naye, na mizigo yao. Injenieri alikuwa amebadilisha breki za mbele jana yake. Magurudumu yalikuwa yamekwisha kukazwa, nilizisikia tak zote nikiwa kibandani. Akaniita. Nikatoka na shati langu safi. Nikashika kle ndefu, nikaanza la mbele upande wa kushoto. Mama wa Pweto alisimama karibu ananiangalia, basi nikavuta zaidi kuliko siku zote. Nataka niseme wazi: nilivuta zaidi kwa sababu alikuwa ananiangalia. Ekru zikazunguka. Nikafanya gurudumu la pili. Nikasema, "Imekubali."

"Aksanti, Papa fundi," akasema. "Sasa niko nalala na kuendesha."

Wakaondoka wakicheka.

Saa nne ikaja jeep ya mtu wa Golf, tairi moja limepasuka. Injenieri akaweka jingine, tak sita, akaniita. Nikavuta ya kwanza. Nikavuta ya pili. Ya tatu nikaendelea kuvuta, mkono unakwenda vizuri, mpaka Injenieri akaushika mpini wa kle akaizuia.

"Papa," akasema. "Imekatika."

Nikaangalia. Ekru ilikuwa imetoka na kipande cha buloni ndani yake, imebaki mdomoni mwa kle, nami nilikuwa nazungusha hewa. Wote waliacha kazi. Hata yule mwenye jeep alinyamaza, na watu wa Golf si watu wa kunyamaza.

"Hukusikia?" akauliza polepole.

Nilitaka kusema buloni ilikuwa mbovu. Maneno yalikuwa tayari ulimini. Lakini kichwa changu kilikuwa kimekwisha kurudi asubuhi, kwenye gari la mama, kinakumbuka zile ekru zilivyozunguka. Nilikuwa nimeziona kwa macho. Zilikwenda robo nzima ya mzunguko baada ya tak. Hakuna ekru ya heri inayokwenda robo nzima. Zilikuwa zimelainika zote mkononi mwangu, nami nikamwambia yule mwanamke zimekubali, na sasa alikuwa njiani kwenda Pweto na watu wawili, kwa barabara ile ya mashimo, gari likimrukaruka juu ya buloni zilizokwisha kuchoka.

Nikatoa simu. Ilikuwa karibu inianguke, vidole havikujua kama vimeishika. Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili haikushika. Injenieri alikuwa amesimama pale pale, ameelewa, maana uso wake ulibadilika. Mara ya tatu ikalia.

"Papa fundi!" Alikuwa na furaha. Akanieleza kwamba amesimama kidogo pembeni, wenzake wananunua mihogo, yuko karibu na Kasomeno.

Nikamwambia, "Mama, usiendelee. Bakia pale pale. Magurudumu ya mbele haiko muzuri."

"Juu ya nini?"

Hapo nikafanya jambo ambalo nimeliungama kwa padri na bado halijaniondoka. Injenieri alikuwa hatua mbili kutoka kwangu, ananisikia. Nikasema, "Ile mashini ya huyu mutoto. Ile kle yake ya kulia-lia. Ilikaza mubaya."

Sikumwangalia. Nilisikia tu anaweka kisanduku chake chini.

Na mama akacheka. Alicheka kweli, cheko la mtu aliyeondolewa hofu. "Ah, Papa! Mashini iache. Si wewe mwenyewe ulipitisha mukono nyuma yake? Nilikuona na macho. Kama mukono yako ilipita, mimi shiko na woga hata moja. Tutaenda polepole. Tukifika Pweto nitakutumia message."

"Mama, hapana—"

"Mukono yako ilipita," akasema tena, kama mtu anayemtuliza mtoto. Nikasikia anawaita wenzake wapande.

Hapo nikaelewa kwamba hakuna uongo uliobaki wa kumsimamisha. Ningesema mashine, angesema mkono. Ningesema chuma kibovu, angesema mkono ungejua. Alikuwa anakwenda kufa na wenzake kwa ajili ya kuniamini mimi. Kilichoweza kumsimamisha ni kitu kimoja, na ndicho hicho nilichokuwa nimekificha zaidi ya mwaka.

"Mukono yangu ilikufa," nikasema.

"Namna gani?"

"Ilikufa. Vidole. Ni sukari. Sisikii kintu. Nilikuwa navuta tu, Mama. Asubuhi nilivuta tu, sikusikia, niliharibu buloni zako. Mashini ya mutoto ilikaza muzuri. Ni mimi."

Nilisema kwa sauti kubwa, kwa sababu ya mtandao, na gereji nzima ikasikia. Upande wa pili hakukuwa na kitu isipokuwa injini inanguruma. Kisha ikazimwa.

"Tangu wakati gani?" akauliza. Sauti ilikuwa nyingine.

"Tangu mvua ya mwaka iliyopita."

"Na gari yangu umeishika mara ngapi tangu pale?"

Alijua mwenyewe, safari zake alizijua.

"Niko nashuka," akasema, na simu ikakatika.

Patron alituazima pikapu. Injenieri aliendesha, mimi nilikaa kando yake, kisanduku chekundu katikati yetu na mfuko wa buloni na ekru mpya miguuni. Tulitoka mjini. Jua lilikuwa kali, vumbi linaingia dirishani, na sikuthubutu kuinua mkono nifunge kioo, maana angeniangalia mkono. Nilikuwa namngojea anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, ningekubali lolote.

Tulipokuwa tumekwenda mbali akasema, "Papa, mimi niliona."

"Uliona nini?"

"Kitambo. Kila wakati nakaza, iko natosha, na wewe unakuja kuzungusha tena. Niliona."

Nikageuka. Nilishikwa na hasira, nawaambia ukweli, mimi niliyemsingizia saa moja nyuma nikashikwa na hasira. "Uliona na ukanyamaza?"

"Nitakuambia namna gani?" Hakuondoa macho barabarani. "Unataka mutoto ya juzi akuambie mukono yako haiko muzuri, mbele ya bantu? Niliwaza ni mara moja moja tu. Kisha nilikuwa narudia kwenye gari, wewe ukienda kunywa maji, nachungulia zile buloni. Ile nilikuta mubaya nilibadilisha. Leo asubuhi mama alikuwa na haraka. Sikupata nafasi."

Nilijaribu kuhesabu ni mara ngapi, nikaacha. Miezi yote ile nilikuwa nasema imekubali, na mwanamke huyu alikuwa anapita nyuma yangu kimya kimya, kama unavyofuta maji aliyomwaga mgonjwa. Desturi yetu ilikuwa imetufunga midomo sote wawili, mimi kwa kiburi na yeye kwa heshima, na kati yetu watu walikuwa wanapanda magari.

"Unisamehe ile ya simu," nikasema.

"Tuende kwanza tuone," akasema.

Tuliwakuta kandokando ya njia, mama watatu wamekaa juu ya mizigo kwenye kivuli chembamba cha gari lao. Mama wa Pweto alisimama. Alimsalimu Injenieri kwanza. Mimi akanipa "Yambo, Papa," si Papa fundi. Sikuwa nimejua mpaka pale kwamba lile neno fundi nilikuwa nimelishikilia kiasi kile.

Injenieri akainua gari, akaanza kufungua gurudumu la kushoto. Buloni ya kwanza ilikatika kabla hajaweka nguvu. Ya pili ikatoka nzima lakini nyembamba katikati, imevutika, hata macho ya mama yaliona. Ya nne ikakatika. Alizipanga chini juu ya kitambaa, na wale mama wenzake wakaja kuangalia, wakapiga makofi ya mshangao bila sauti, mmoja akafanya ishara ya msalaba. Mama wa Pweto aliangalia zile buloni, kisha akaangalia mbele, barabara inavyoshuka.

Sikuwa na kazi. Hicho ndicho ninachokumbuka kuliko vyote. Maisha yangu yote sijapata kusimama kando ya gari bovu bila kazi. Nilishika mkono mmoja kwa mwingine nyuma ya mgongo kama mgeni. Injenieri aliingiza buloni mpya, akarudisha magurudumu, akatoa kle yake, akaipanga. Tak. Akaruka. Tak. Nilihesabu kumi na mbili. Kisha akashusha gari, akazipitia mara ya pili, tak zote zikarudi. Akaifuta kle na kuilaza kwenye kisanduku, akakifunga.

Hakuniita. Na hakuna aliyesema imekubali. Wale mama walipanda tu.

Nataka niwe wa haki. Mama wa Pweto hakunitukana. Mtu mwingine angenitemea mate. Alipokuwa ameshika mlango alirudi mpaka nilipokuwa nimesimama, akasema, "Papa, ungetuua." Nikasema ndiyo. Akasema, "Lakini ulisema. Ulisema wewe mwenyewe." Nikasema ndiyo. Kisha akasema niende hospitali ya maana, nisile vitu vya sukari, na nikubali watoto wanichukue Ndola nisikae peke yangu. Nilijua kwamba anayekuambia ukakae kwa watoto wako amekwisha kukuaga.

Akaninyooshea mkono. Nikautoa wangu, akaushika. Sikuweza kumwangalia usoni, kwa haya, basi niliangalia lile gurudumu la kushoto, ekru zake mpya zinang'aa. Nilikuwa nafikiri ameushika muda mrefu. Nilikuwa nafikiri, labda bado kuna kitu, labda ataleta gari tena, mtu hashiki mkono wa mtu hivi kama hatarudi. Niliuacha mkono wangu pale, sikutaka kuwa wa kwanza kuutoa. Injini ikawaka. Hata hapo sikuelewa.

Injenieri akaja karibu, akasema polepole sana, ili wengine wasisikie, "Papa, alikwisha kuachilia mukono."